Wasomaji Wanauliza: Mahindi kumi hayatoshi kuwa mbegu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nifanyeje mbegu ya kwetu isipotee, na udongo unaoibeba usiondoke na maji. Barua tumezifupisha; majibu tumeyaacha marefu pale panapostahili.

Mahindi yangu yanazidi kudumaa

*Shikamooni wataalamu. Nina mahindi meupe magumu niliyorithi kwa mama mkwe. Kwa kukoboa hayana mfano, na fukusi hawayaingii haraka. Kila mwaka nachagua ghalani mihindi kumi minene kuliko yote, hiyo ndiyo mbegu yangu. Lakini miaka minne hii mabua yanazidi kufupika na mengine hayazai kabisa. Jirani wa upande wa juu hupanda ya dukani. Je, mbegu imechoka? — Mama mkulima, Mufindi*

Marahaba, mama. Mbegu haijachoka, ila umeifungia ndani ya ukoo mdogo mno. Hindi hujichavusha lenyewe kwa kiasi kidogo sana. Mbelewele, ua dume lililo kileleni, humwaga chavua kwa siku tano hadi nane, upepo ukaipeleka kwenye ndevu za bua la pili na la tatu, na kila unywele mmoja unaouona ukining'inia ni njia ya punje moja. Punje mia nne za mhindi mmoja zina mama mmoja na baba wengi. Nguvu ya mahindi iko katika mchanganyiko huo. Ukichagua mihindi kumi, mwakani shamba zima ni watoto wa mama kumi. Msimu unaofuata ndugu wanaoana. Ukifika wa nne mabua yamefupika, ndevu zinatoka mbelewele ikiwa imeshamaliza, na mengine yanabaki bila mhindi. Ndiyo hayo uliyoyaona. Maharage, karanga na mpunga hujichavusha, kwa hiyo kule kuchagua kidogo kilicho kizuri hakuleti madhara haya.

Kosa la pili ni kuchagulia ghalani. Mhindi mnene ghalani hausemi ulinenepa kwa nini. Huenda bua lake lilisimama penye pengo likala mwanga peke yake, au liliota juu ya kichuguu. Hiyo ni bahati ya mahali, haiendi kwa watoto.

Fanya hivi. Mahindi yakianza kukauka, ligawe shamba kwa macho katika vipande ishirini. Kila kipande funga utepe kwenye mabua kumi mazuri, lakini yawe yamezungukwa na wenzake pande zote nne. La pembezoni liache, la penye pengo liache, hata kama limebeba mhindi kama mkono wa mtu. Tazama vitu ambavyo ghala linaficha: bua halikulala, mhindi umeinama ukikauka ili mvua isiingie, na maganda yamefunika ncha hadi mwisho. Hilo la mwisho lipe uzito, maana fukusi huanza kazi shambani, na mlango wake ni ncha iliyo wazi. Bila shaka mama mkwe alichagua hivyo, ndiyo maana mahindi yako hayapendwi na fukusi.

Utapata mihindi mia mbili. Menya, toa yenye kuoza na yenye ukungu, usishuke chini ya mia moja. Kisha, na hapa wengi wanapuuza, chukua punje sawa kutoka kila mhindi, mnene na mwembamba. Punje 250 kwa kila mmoja wa mihindi mia ni 25,000. Ekari moja kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, punje moja kila shimo, inataka kama 18,000, kwa hiyo inabaki ya kurudishia. Punje za ncha na za kitako watu huzitupa wakidhani ni mbovu. Damu ni ileile. Ni ndogo tu na umbo lake halilingani. Ukiwa na upungufu zipande. Usiache mbegu kwenye magunzi pia, kwani dumuzi, yule aliyeingia kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 wenyeji wakampa jina Scania, hustawi zaidi kwenye mahindi ambayo hayajapukuchuliwa.

Kuhusu jirani: umbali wa mita 200 unatosha kwa mkulima wa kawaida. Kama hamna nafasi hiyo, achanisheni muda ili maua yapishane wiki tatu hadi nne. Hesabu siku za kutoa maua, si za kupanda, maana aina mbili zinaweza kupandwa tarehe tofauti zikachanua pamoja. Kama hata hilo haliwezekani, mistari kumi ya upande wake ni ya chakula, mbegu itoke katikati. Jirani akipanda ya njano una bahati: punje iliyopata chavua yake huonekana ya njano hafifu mwaka uleule, uitoe kwa mkono. Nyeupe kwa nyeupe haiachi alama.

Sasa tiba ya mbegu yako ya leo. Usinunue nyingine. Tafuta mahindi yaleyale kwa ndugu na majirani watatu au wanne ambao nao waliyapata kwa wazee wao, hata kikombe kimoja kila nyumba. Changanya na yako, panda kipande kimoja, anza kuchagua kama tulivyoeleza. Damu iliyopotea kwako mara nyingi iko kwa shemeji. Nguvu utaanza kuiona msimu wa pili, watoto wa mchanganyiko huo wakiota.

Na kwa waliouliza kama chotara wa dukani, H614 na wenzake, wanaweza kutunzwa: wanaota, lakini kizazi cha pili hugawanyika, warefu kwa wafupi, na mavuno hushuka. Hakuna aliyekuroga wala kukuuzia mbegu ya kufa. Chotara ndivyo alivyo.

Je, naruhusiwa kuuza?

*Kikundi chetu kina mbegu nzuri ya maharage. Tukiiweka kwenye mifuko na kuuza mnadani tutakamatwa? — Kikundi cha akina mama, Karatu*

Kupeana na jirani ni jambo moja, kufunga kwenye mfuko na kuuza kama mbegu ni jingine. Tanzania ina Sheria ya Mbegu ya 2003, na njia iliyowekwa kwa watu kama nyinyi ni mbegu za kuazimiwa ubora: mnasajiliwa, shamba linakaguliwa, mnauza katika eneo mlilopangiwa. Mlango wa kugonga ni TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kupitia afisa kilimo wa wilaya. Ugumu ni kwamba njia hiyo ni ya aina zilizosajiliwa, kwa hiyo ulizeni kwanza kama maharage yenu yamo kwenye orodha, msije mkalipia safari bure.

Chupa zilizofungwa vizuri, mbegu ikaharibika

*Nilijaza kunde na choroko kwenye chupa za lita moja na nusu mwezi wa sita, nikakaza vifuniko. Mwezi wa kumi na moja chupa mbili zina matone ya maji ndani na harufu ya ukungu, ya tatu imejaa wadudu na unga. Si walisema chupa inahifadhi? — Msomaji, Singida*

Chupa inahifadhi kile ulichoweka. Ukiweka ukavu inahifadhi ukavu, ukiweka unyevu inahifadhi unyevu, na mbegu mbichi kidogo ndani ya chupa huharibika upesi kuliko kwenye kibuyu kinachopumua. Una makosa mawili tofauti, tuyatenganishe.

La maji kwanza. Jicho na jino haviaminiki. Chukua chupa ndogo ya kioo kavu na chumvi ya mezani uliyoipasha kwenye kikaango hadi ikachezacheza, ukaiacha ipoe imefunikwa. Tia mbegu kiasi cha theluthi ya chupa, chumvi vijiko viwili, funga, tikisa dakika mbili, weka chini dakika chache. Chumvi ikibaki imenata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Ikianguka yote chini, umeshuka chini ya hapo. Lakini angalia: kipimo hiki kinakuambia tu kwamba nafaka ya kula haitaoza gunia la kawaida. Mbegu ya kufungia kwenye chupa inatakiwa kuwa kavu zaidi, asilimia 8 hadi 10. Kwa wastani kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza huongeza maisha ya mbegu mara mbili, na kila nyuzi tano za joto unazoshusha hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana chumba cha udongo chenye paa la nyasi kinashinda stoo ya bati, hata kama stoo ina kufuli zuri.

Kufika huko, anika juu ya turubai au mkeka ulioinuliwa kwenye kichanja, ukigeuzageuza, na saa kumi jioni uwe umeshafunika, maana mbegu kavu hunywa umande usiku ikarudisha ulichokitoa mchana. Mwisho tumia mchele. Kaanga mchele mkavu bila mafuta hadi uwe kahawia, umimine ungali moto kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, uache upoe humo humo. Ukipoa, weka mbegu ndani ya kifuko cha kitambaa juu yake, mchele na mbegu viwe kiasi sawa, funga wiki mbili. Mchele huvuta unyevu kutoka kwenye mbegu, na baadaye unaukaanga tena. Mkaa uliokaushwa vizuri hufanya kazi hiyo pia, ila unachafua. Usishushe maharage kupita kiasi. Yakikauka mno huvunjika vipande viwili kwa kudondoka tu.

Sasa wadudu. Hawakuingia kupitia kifuniko. Jike wa fukusi wa kunde hutaga shambani, juu ya maganda yaliyokauka. Ukishika punje karibu na macho utaona vidoti vyeupe vilivyoganda kama tone la maziwa. Ndani ya punje kuna kiluwiluwi tayari siku unayofunga. Chupa iliyojaa hadi shingoni ina hewa kidogo, wakaivuta ikaisha, wakafa. Iliyojaa nusu huwapa hewa ya kutosha kuzaa kizazi cha pili na cha tatu. Tunadhani chupa yako ya tatu ndiyo uliyokuwa ukiipunguza kwa mboga.

Kunde zilizokwisha kukauka zina dawa ya bure: saa sita mchana tandika nailoni nyeusi juu ya majani makavu au gunia, sambaza kunde punje moja unene, funika kwa nailoni angavu, kandamiza kingo kwa mawe kwa saa mbili. Ndani joto hupita nyuzi 57, na saa moja ya joto hilo humaliza mayai, viluwiluwi na wakubwa. Tumeandika zilizokwisha kukauka kwa makusudi, maana mbegu mbichi ukiifanyia hivyo umeipika. Kwa asiye na nailoni, majivu yaliyochekechwa yanatosha: vipimo vitatu vya majivu kwa vinne vya kunde, changanya, shindilia, kisha mwaga juu tabaka la sentimita tatu. Wengi huweka mkono mmoja wa majivu kwenye debe halafu wanasema dawa za wazee hazifai.

Miezi miwili kabla ya mvua, hesabu punje mia bila kuchagua, zigawe kwenye vitambaa vinne vilivyoloa, vikunje, viweke kivulini siku saba. Zilizoota zikipungua 85, ongeza punje shimoni. Zikipungua 60, itafutie shamba dogo mwaka huu huu uifufue, mwakani huenda usiwe na cha kufufua. Mbegu iliyotoka kwenye mchele usiitie majini moja kwa moja. Iache siku moja au mbili kwenye hewa ya kawaida, la sivyo hunywa kwa pupa ikapasuka na utadhani imekufa.

Si ziko Norway?

*Nimesikia mbegu za dunia nzima zimefichwa ndani ya mlima wa barafu. Kama ni kweli, kwa nini wakulima bado wanasumbuliwa na habari za mbegu za asili? — Mwanafunzi, Nairobi*

Ni kweli, ghala la Svalbard, visiwa vya kaskazini vya Norway, lilifunguliwa Februari 2008, liko nyuzi 18 chini ya sifuri, na lina sampuli zaidi ya milioni 1.3. Lakini lile ni nakala ya nakala. Benki ya mbegu inayoweka masanduku huko ndiyo pekee yenye ruhusa ya kuyafungua. Mkulima hapeleki, wala haombi. Limeshathibitisha faida yake: vita vya Syria vilipoifanya benki ya ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi kame, karibu na Aleppo isifikike, mwaka 2015 wenyewe walichukua masanduku yao, wakapanda Lebanon na Morocco, na kuanzia 2017 wakaanza kurudisha nakala mpya. Bila shamba la kupandia na watu wanaojua kupanda, masanduku yale yangebaki masanduku.

Mbegu iliyogandishwa imesimamishwa saa. Ugonjwa ukija, yenyewe haiko. Mwezi Septemba 2011 mahindi ya Bomet yalianza kukauka kutoka kwenye majani ya katikati, mihindi ikabaki maganda. Ilikuwa virusi viwili kwa pamoja, na karibu aina zote zilizokuwa sokoni zilianguka. Watafiti wakajenga Naivasha kituo cha kupima mahindi kwa kuyaambukiza makusudi, wakapitisha maelfu. Ukinzani wenye nguvu walioupata ulikuwa kwenye mistari miwili, yaani koo za mbegu za watafiti, kutoka Thailand, KS23-5 na KS23-6, nchi ambayo hakuna mkulima wa Bomet aliyewahi kuifikiria. Hiyo ndiyo maana ya kutunza utofauti: hujui leo ni sifa gani itatafutwa, wala itatoka kwa nani. Kesho inaweza kutafutwa iliyoko Mufindi.

Tena kuna mimea isiyokubali kugandishwa kama mbegu. Embe, parachichi na nazi ukizikausha zinakufa. Ndizi za kula hazina mbegu. Mkusanyiko wake mkubwa duniani, aina zaidi ya 1,600, uko Leuven, Ubelgiji, kama vichipukizi ndani ya vichupa vya kioo, na nyingine ndani ya naitrojeni kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Muhogo na viazi vitamu hutunzwa kwa pingili na marando, yaani mashambani kwanza.

Kama nyumbani kwenu kuna aina mnayodhani inapotea, benki ya Kenya iko Muguga tangu 1988, ya Tanzania iko Arusha chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Peleka punje elfu tatu au nne kutoka mimea isiyopungua hamsini, bila dawa yoyote. Na andika: jina la aina kwa kilugha, kijiji, mwinuko, udongo wa namna gani, inapandwa lini, inaliwaje, nani aliitunza. Mfuko usio na maelezo hufika benki ukawa namba tu, na miaka kumi baadaye anayetafuta kunde zinazovumilia chumvi hana njia ya kujua zimo humo.

Tung'oe mihogo ya zamani?

*Tumeletewa pingili za aina moja mpya inayostahimili magonjwa, tukaambiwa tung'oe zote za zamani ili zisiambukize. Wazee wamegoma. Nani yuko sahihi? — Katibu wa kikundi, Mkuranga*

Wote wawili, nusu nusu. Mgonjwa ang'olewe, hilo halina mjadala. Lakini kung'oa kila jina la zamani kwa sababu ni la zamani ni kosa ambalo historia ya muhogo wenyewe inalipinga. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Amani, milima ya Usambara, katika miaka ya 1930. Watafiti wa hapo walivusha muhogo na mpira wa ceara, mti wa jamii moja na muhogo usioliwa, kisha wakarudisha kwa muhogo mara kwa mara. Kituo kikafungwa, karatasi zikasahaulika, lakini wakulima hawakung'oa. Mmoja wa miche ile umeendelea kupandwa, kusini mwa Tanzania ukiitwa Namikonga na pwani ya Kenya ukiitwa Kaleso. Vipimo vya nasaba vilionyesha ni mmoja, na leo ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya ukinzani dhidi ya michirizi. Wangeng'oa, tungeanza upya.

Ushauri wetu: aina mpya ichukue robo tatu ya shamba, za zamani zilizo safi mzitunze kwenye kitalu kimoja, mbali na shamba kubwa kadiri mtakavyoweza, mita mia au zaidi, kila aina mashina ishirini yenye kibao cha jina.

Usafi mtaujuaje? Ugonjwa wa batobato huonekana juu, majani machanga yamejikunja na yana mabaka. Michirizi hujificha chini: majani yaliyokomaa yana njano inayofuata mishipa, na shina bichi lina michirizi ya kahawia. Wengi hutazama kilele tu wakasema safi. Siku ya kuvuna, kata kila muhogo wa mama-shina mahali patano, kama unavyokata mkate. Ukikuta doa kavu la kahawia kama kizibo cha chupa, shina lote hilo ni kuni, hata kama majani yalikuwa ya kupendeza. Kitaluni, ondoeni wagonjwa miezi mitatu ya kwanza kila wiki mbili, kabla inzi weupe hawajawasambaza.

Pingili ichukue katikati ya shina lenye miezi minane hadi kumi na miwili, sentimita 20 hadi 30, macho matano hadi saba. Ikate uitazame kichwani: kiini cheupe cha ndani kisizidi nusu ya kipenyo. Kikizidi, shina ni changa, litaoza. Choma kwa ncha ya msumari. Utomvu ukitoka papo hapo iko hai, ukichelewa au usipotoka usipoteze shimo.

Fanya juu ilipasuka

*Nilichimba fanya juu nne (mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta) mwezi wa tisa, futi mbili kwa futi mbili, mistari nikaipima kwa macho. Mvua ya Novemba ikapasua tuta la pili, maji yakachimba korongo hadi barabarani. Jirani ananicheka. — Mkulima, Makueni*

Macho ndiyo yaliyokuponza. Kwenye mteremko macho hudanganywa na miti na ua. Mstari unaodhani umelala umeshuka sentimita thelathini. Maji hayakugawanyika mtaroni, yalikimbilia penye bonde, yakajaa, yakapita juu ya tuta. Tuta likishapitwa juu dakika tano limekwisha. La pili likimwaga, la tatu linapokea maji ya mawili.

Tafuta vijiti viwili vyenye urefu sawa, kamba ya mita kumi isiyonyumbuka, na pima-maji ndogo ya fundi ya kuning'iniza kwenye kamba. Ininginize katikati kabisa, mita tano kila upande, kwani kamba hulegea na ikiwa pembeni inasoma uongo. Kabla ya kazi igeuze kichwa kwa mkia: kiputo kikihama mahali, chombo ni kibovu. Mtu mmoja asimame, wa pili apande na kushuka hadi kiputo kitulie katikati, wa tatu apige kigingi. Endeleeni hivyo hadi mwisho wa shamba, kisha rudini nyuma mnyooshe kidogo vigingi vilivyoruka ili ng'ombe wa jembe waweze kupita.

Umbali kati ya mitaro usiukisie pia. Kwa kamba hiyohiyo pima mteremko: ikishuka mita moja kwa kumi, ni asilimia kumi. Kanuni inayotumika sana Kenya ni hii: gawa mteremko kwa nne, ongeza mbili, zidisha kwa 0.3. Kwa kumi inatoka mita 1.35 za kushuka, yaani mtaro kila mita 13.5. Kwa ishirini ni mita 2.1, mtaro kila mita 10.5.

Mtaro sentimita 60 kwa 60 ni sawa. Udongo utupe juu, lakini acha njia ya sentimita 20 hadi 30 kati ya ukingo wa mtaro na tuta, la sivyo mvua ya kwanza inaurudisha ulikotoka. Kanyaga tuta kwa tabaka. Lililorundikwa tu hushuka. Makueni funga ncha za mtaro ili maji yazame, ila acha upande mmoja mdomo ulio chini kidogo ya tuta, umepandwa nyasi, maji yanayozidi yatokee hapo ulipochagua wewe. Panda makarikari au matete juu ya tuta mwezi uleule. Halafu tembea juu yake mvua inaponyesha, ukiwa na jembe. Ndiyo siku pekee utakayoona tuta lilipobonyea, na shimo la fuko ambalo hukulijua.

Lakini kwanza kabisa angalia kinachokuja kutoka juu. Kama maji ya njia au ya shamba la jirani yanaingia kwako, hakuna tuta litakalostahimili. Chimba mtaro wa kuyakatisha kabla ya fanya juu ya kwanza. Mazungumzo na huyo anayekucheka yaanzie hapo.

Na kama udongo wako ni mwembamba, jembe linagonga mwamba au udongo mwekundu mgumu baada ya sentimita thelathini, usichimbe matuta ya ngazi hata ukilipwa. Uluguru, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchonga ngazi. Udongo wa chini usio na rutuba ukaja juu, mazao yakadumaa, na mwaka 1955 watu wakachachamaa. Waliitwa wakaidi, kumbe walikuwa wameliona zao shambani. Mlima wa namna hiyo unafaa zaidi ngoro za Wamatengo wa Mbinga: nyasi hufyekwa, hupangwa kwa miraba juu ya ardhi, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi. Panabaki mashimo yanayonasa maji na kingo ambazo ndani yake nyasi zinaoza. Mazao hupandwa juu ya kingo. Udongo wa juu unabaki juu.

Mbegu za mchicha hadi Muscat

*Asalaam alaikum. Mjomba anakuja kutoka Tanga, nataka aniletee mbegu za mchicha, bamia na kunde za nyumbani. Anaweza kuzifunga kwenye kanga tu? — Msomaji, Muscat*

Waalaikum salaam. Asizifunge kwenye kanga. Wewe huko ulizia kwanza kibali cha kuingiza, kisha mjomba achukue cheti cha afya ya mimea TPHPA kabla ya safari. Vyote viwe mkononi, si ndani ya sanduku. Kunde ndizo zitakazomsumbua zaidi uwanjani, kwa wale wadudu tuliowaeleza hapo juu. Azipitishe nailoni mbili siku moja kabla ya kuzipeleka kukaguliwa, na atoe kila punje yenye tundu.